IST mpya si mbovu kuliko ya zamani

Wanunuzi wengi Unguja husema Toyota IST ya 2002 hadi 2007 ni chuma, iliyofuata ni karatasi. Si kweli. Injini ya 1NZ-FE, cc 1,500, imo katika vizazi vyote viwili, na yote ni ya cheni, si mkanda wa taimingi.

Kilichobadilika ni giaboksi: ya kwanza otomatiki ya gia nne, ya pili CVT, yaani isiyo na gia za hatua, inayozungushwa na mkanda wa chuma. Fundi akiitia CVT ATF ya kawaida, oili ya giaboksi za otomatiki zenye gia, mkanda huo huteleza na kulika, gari ikatetemeka ikiondoka. Hapo lawama hubebeshwa kiwanda!

Ya zamani, kwa umri wake na hewa yetu ya chumvi, iinueni kwanza mtazame kutu sakafuni.