Harufu ya breki mwezi wa kwanza

Nina karakana hapa Moshi na kazi yangu kubwa ni breki. Mwaka mzima nahudumia daladala, pikapu za shamba na magari ya walimu. Ila kuanzia Krismasi mpaka wiki ya kwanza ya Januari wateja hubadilika, wanaanza kuingia waliokuja kula sikukuu nyumbani. Noah imejaa ndizi mpaka kwenye miguu ya watoto, na kabla dereva hajafungua mdomo pua yangu imeshanieleza. Harufu ya breki iliyoungua ni kali, inakwama kooni, na ukiijua hutaisahau.

"Fundi, pedali imelegea, nakanyaga inakwenda mpaka chini."

Namuuliza anashuka kutoka wapi. Kibosho, Uru, Marangu, Old Moshi, majibu ni hayo hayo. Kisha namuuliza: ulishuka na gia gani? Hapo kimya. Wengi wanajibu kwamba gari ni otomatiki, kwa hiyo lilikuwa kwenye D.

Naandika sasa, msafara wa Desemba haujaanza, kwa sababu jibu hilo linanitia hofu kila ninapolisikia.

Mtu anayetoka Dar anaendesha zaidi ya kilomita 500 bila kukutana na kilima cha kumsumbua. Chalinze, Segera, Mombo, Same: milima ya Usambara na Upare anaiona pembeni, barabara inapita miguuni mwake. Akifika Himo ameshajiamini. Anakata kulia kwenda Marangu, na hapo ndipo mlima wenyewe, Kilimanjaro, unapoanza. Himo iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Geti la Marangu, pale wapandaji wanapoandikishwa, liko zaidi ya mita 1,800. Yaani ndani ya kilomita kama 20 gari limenyanyuliwa karibu mita 1,000. Kupanda kwenyewe hakuna shida kubwa, injini italalamika, itapata joto, lakini ukichoka unasimama na mlima unakusimamisha wenyewe. Shida iko siku ya kurudi.

Nieleze kwa hesabu, maana ndiyo iliyonifanya mimi mwenyewe niiheshimu miteremko. Chukua gari lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na watu na mizigo yao. Likishuka mita 1,000, nguvu yote iliyotumika kulipandisha inarudi, na lazima iende mahali. Ukiizuia kwa breki peke yake inageuka joto kwenye disk na dramu zako, vile vyuma vya gurudumu vinavyosuguliwa na breki. Joto hilo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji ya bomba, ndoo mbili kubwa zijae mpaka zitokote. Sehemu yake inaliwa na upepo na matairi, lakini ukishuka polepole kama inavyotakiwa upepo hauli kitu cha maana. Sasa angalia ukubwa wa disk ya IST, halafu fikiria ndoo hizo mbili.

Breki ikipata joto kupita kiasi mambo mawili hutokea, na watu huyachanganya. La kwanza ni pedi, kile kipande kinachobana disk, kupoteza mshiko: unakanyaga, pedali ni ngumu kama kawaida, lakini gari halisimami. La pili ndilo linaloniletea wateja: mafuta ya breki yanachemka. Mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, hata kopo likifunguliwa na kuachwa rafuni. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiwango kinashuka hadi nyuzi 140, na DOT 4 hutoka 230 hadi 155. Yakichemka ndani ya bomba yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga pedali, unabana mvuke badala ya kubana pedi. Ndiyo ile "imekwenda mpaka chini". Ukisimama nusu saa mvuke unapoa, pedali inarudi, na dereva anasema ahaa, kumbe ilikuwa kitu kidogo. Naomba usiseme hivyo. Mafuta hayo yamekwisha, yamwagwe, yawekwe mapya. Na hata yasipokusumbua, yabadilishe kila baada ya miaka miwili. Nakutana na magari ya miaka kumi na tano ambayo mafuta yake ya breki ni yale yale yaliyotoka nayo Japani, meusi kama kahawa ya kuchemsha.

Dawa ya yote haya imo ndani ya gari tayari na haiuzwi dukani: gia ndogo.

Ukiiachia pedali ya mafuta huku gari likiwa kwenye gia ndogo, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Injini ya petroli hapo inakuwa kama pampu inayovuta hewa kupitia mlango uliofungwa, na kazi hiyo inakula nguvu ya gari. Joto linakwenda kwenye injini na rejeta, vitu vilivyotengenezwa kulibeba. Wazee waliotufundisha udereva walikuwa na kanuni moja: shuka na gia uliyopandia. Kama mwinuko ulihitaji gia namba mbili kupanda, ni gia namba mbili kushuka, na unaiweka ukiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza. Ukishakolea mwendo, gari la manyuo, la gia za mkono, halitakubali kirahisi kupokea gia ndogo, na hapo katikati utajikuta huna gia yoyote.

Kwa otomatiki, tazama kando ya D. Magari mengi madogo ya Kijapani yana 2 na L, mengine yameandikwa S na B. Herufi hizo hazikuwekwa kwa mapambo. 2 au S ni kwa mteremko wa kawaida, L au B kwa ule unaokufanya ushike dashibodi. Kelele ya injini itapanda na mama aliyekaa nyuma atauliza kama gari limeharibika. Mwambie ndivyo linavyotakiwa kulia.

Breki bado utaitumia, ila kwa namna nyingine. Kanyaga kwa uthabiti mwendo upungue, kisha achia kabisa, disk ipate upepo. Anayeugua ni yule anayeweka mguu juu ya pedali kuanzia getini mpaka Himo, kwa hofu, akidhani anaenda kwa uangalifu.

Kuna jambo linalonikasirisha, nalo ni kuweka gari fri, yaani bila gia yoyote, kwenye mteremko eti kuokoa mafuta. Baba yangu mdogo alikuwa akifanya hivyo. Nilikuwa kijana, nimekaa juu ya mikungu ya ndizi kwenye pikapu yake tukishuka kuelekea soko la mjini, naye alizima injini kabisa. Ule mtungi unaomsaidia dereva kukanyaga breki hutegemea injini iwe inazunguka. Ikizimwa una mikanyago miwili mitatu, baada ya hapo pedali inakuwa kama jiwe. Alikanyaga ya nne na gari halikupunguza hata kidogo. Akalielekeza ukingoni upande wa mlima, likasugua ukuta wa udongo, likaingia kwenye mfongo, mfereji wa maji ya shamba, na kulalia uzio wa mimea ya masale. Ndizi zote zilitapakaa barabarani na mimi nilivunjika mkono. Alifanya jambo moja la maana siku ile, kuchagua ukingo wa mlima badala ya bonde, ndiyo maana niko hapa naandika. Na akiba yenyewe haipo: injini za siku hizi zenye sindano za kompyuta hukata mafuta kabisa unaposhuka kwenye gia bila kukanyaga. Ukiweka fri, injini inaendelea kunywa ili isizimike.

Breki zikikataa kweli: pampu pedali haraka haraka, shusha gia moja moja, vuta handibreki taratibu bila kuinyakua, piga honi, na tafuta ukingo wa mlima. Likishasimama usimwage maji kwenye disk yenye moto. Itapinda au itapasuka. Kaa chini ya mgomba usubiri.

Fowili nayo imewadanganya wengi. Inakusaidia kupanda, maana magurudumu manne yanasukuma. Kusimama, kila gari tangu zamani lina breki nne, na zote zinategemea tairi lililogusa udongo. Mvua za vuli zikinyesha juu kule, njia za vijijini zenye udongo mwekundu huwa kama zimepakwa sabuni, na tairi kipara ni tairi kipara hata kwenye gari la milioni themanini. Mkikutana kwenye njia nyembamba, adabu ya huku ni anayeshuka kumpisha anayepanda, kwa sababu anayepanda akisimama huenda asiondoke tena.

Wateja wawili wameniuliza kuhusu mapumziko ya visiwani, nami nimefurahi kuulizwa, kwa kuwa kwetu neno kisiwa humaanisha Unguja, na Unguja ni tambarare, unaweza kuizunguka yote bila kugusa gia namba moja ila kwenye taa. Visiwa vingine si hivyo. Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, ni mwamba wa matale unaochomoza baharini: kilele chake, Morne Seychellois, kina mita 905, na pwani iko hapo hapo chini. Barabara ya Sans Souci inakatiza mlima huo kutoka Victoria hadi upande wa pili, nyembamba, ina kona kali, na ukingo wake mahali pengi unaishia hewani. Wanapita kushoto kama sisi, hiyo ni nafuu. Réunion ni Ufaransa, wanapita kulia, na barabara ya kwenda Cilaos inajulikana kwa kona zake 400. Ukikodi gari huko, kabla hujatoka na funguo kanyaga pedali uisikilize, na uliza L iko wapi. Mtu anayeweza kushuka Kibosho na mzigo wa ndizi ataweza huko pia.

Njia nyingi za kwetu zinafika mahali gari linabaki na watu wanatembea. Ukienda maporomoko ya Materuni, Uru, gari linaishia kijijini, halafu ni miguu kama dakika 45 katikati ya migomba na kahawa. Maji yanaanguka zaidi ya mita 70. Watu wa pwani wanahema njiani na kudhani wamezeeka ghafla. Hawajazeeka, kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, na kwenye mita 1,800 mgandamizo wake ni kama asilimia 80 tu ya ule wa Dar. Tembea polepole, pumua.

Lakini hata kwa miguu, mahesabu ni yale yale ya gari. Ukipanda, mapafu yanalia. Ukishuka, misuli ya mbele ya paja ndiyo breki yako: inavutwa huku ikikaza, hatua baada ya hatua, na mvutano huo unaichana kwa vijiuzi vidogo visivyoonekana. Siku hiyo husikii kitu. Maumivu yanakuja kesho yake na keshokutwa, unashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume. Waulize wagumu wanaobeba mizigo mlimani. Wageni wa njia ya Machame wanapanda siku tano au sita, kisha kutoka Uhuru, mita 5,895, wanateremka hadi geti la Mweka, zaidi ya mita 4,000, kwa siku mbili tu. Watakwambia wageni wanaolia magoti ni wengi kuliko wanaolia pumzi.

Nimejifunza kushuka kwa kumtazama mama yangu. Alikuwa akibeba mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani kwenye kijia ambacho mimi nilikipita kwa makalio. Hatua zake zilikuwa fupi sana, magoti hayajanyooshwa hata mara moja, na penye mwinuko mkali alikwenda kwa mshazari, kushoto, kulia, kushoto. Hiyo ni gia namba moja kabisa. Anayejiegemeza nyuma kwa hofu ndiye anayeteleza, kwa sababu uzito unatoka juu ya nyayo. Kata fimbo ndefu kidogo kuliko ya kupandia. Kaza kamba za viatu kwenye kifundo kabla ya kushuka ili vidole visigonge mbele, la sivyo kucha za vidole gumba zitakuwa nyeusi kabla ya mwaka mpya. Na usikimbie, hata watoto wa hapo wakikupita wakicheka. Wao wanajua kila jiwe.

Mwisho, kuegesha. Kwenye mteremko wa asilimia 15, gari la kilo 1,500 linavutwa chini kwa nguvu sawa na uzito wa magunia mawili ya mahindi na zaidi. Ukiliacha kwenye P peke yake, magunia hayo yote yananing'inia kwenye kijino kimoja kidogo ndani ya gia boksi. Kanyaga breki, vuta handibreki, achia breki taratibu mpaka gari litulie juu ya handibreki, ndipo uweke P. Kwa manyuo acha ndani ya gia. Geuza magurudumu ya mbele yaelekee ukingo wa mlima. Kisha weka jiwe nyuma ya tairi, upande wa bondeni.

Nyumbani kwetu jiwe hilo lipo, jeusi, la ukubwa wa mkate, chini ya masale langoni. Baba alilileta kutoka mtoni mwaka kaka yangu aliponunua gari la kwanza. Mgeni akiwasha injini kuondoka, mmoja wetu hutoka kulichukua na kulirudisha mahali pake.