Tuzo za Chuo kwa Wahitimu na Wanaojitolea: Kwa Nini Mapendekezo Mengi Yanarudishwa

Msimu wa mahafali ukikaribia, simu ya ofisi yetu haitulii. Safari hii malalamiko yamezidi, na karibu yote yana wimbo mmoja: "Tumempendekeza mzee wetu mara mbili, hajapata kitu, mnapeana wenyewe kwa wenyewe." Nimeombwa nifafanue. Nitafanya hivyo kwa kadiri ninavyoruhusiwa, maana vikao vinavyoamua ni vya siri na majina ya waliokosa hayatajwi.

Cheti cha shukrani, tuzo ya utumishi na shahada ya heshima, ile anayopewa mtu bila kuisomea, ni vitu vitatu tofauti. Cheti kinaweza kutolewa na idara. Tuzo hupita kwenye kamati. Shahada ya heshima huanzia kwenye kamati, ikapanda Seneti, yaani kikao kikuu cha taaluma, ikafika Baraza la Chuo, na anayeitunuku ni Mkuu wa Chuo mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 30, 2022, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipomtunuku Rais Samia Suluhu Hassan. Aliyemtunuku ni Mkuu wa Chuo, Dkt. Jakaya Kikwete, ambaye naye ni mhitimu wa hapo hapo. Kwa hiyo ukiniletea barua ya kumwombea bosi wako "udaktari" wa heshima, nitaigonga mhuri wa kupokelewa kwa sababu ndiyo kazi yangu. Usinipigie kesho yake kuuliza imefikia wapi.

Tuzo ya utumishi ndiyo inayowahusu wengi, na hapo ndipo mapendekezo yanapokwama. Mwaka mmoja tulipokea barua ya kurasa tatu, imechapwa vizuri, ina picha ya mhusika akipeana mkono na waziri. Tuliambiwa ni mtu wa watu, mcha Mungu, mzalendo, mwenye upendo. Hakuna mstari hata mmoja uliosema alifanya nini. Wiki hiyo hiyo ikaja nusu karatasi iliyoandikwa kwa mkono na kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wetu, akimpendekeza fundi sanifu mstaafu. Alisema mzee huyo alikuwa akija karakana kila Jumamosi kuwafundisha kusoma michoro, kwa nauli yake, na siku mashine ilipokufa alikuja na vifaa vyake kwenye kiroba. Kijana aliambatanisha kivuli cha daftari la mlinzi wa getini, lenye tarehe na saa za kuingia. Kamati haikujadili sana.

Tunachotaka ni kidogo: alifanya nini, wapi, tangu lini hadi lini, nani alinufaika, na watu wawili wa kuthibitisha ambao si ndugu zake wala hawafanyi kazi chini yake. Haya yote yameandikwa ukurasa wa kwanza wa fomu kwa herufi nene. Kujipendekeza mwenyewe hakuruhusiwi. Kura za kundi la WhatsApp la darasa lenu hatuzihesabu. Mfadhili aliyejenga hosteli ana njia yake ya kushukuriwa. Tuzo hii inapima muda na jasho.

Wazee wetu nao wana wasiwasi usio na sababu. Wengi waliosoma Dar es Salaam, Nairobi au Makerere kati ya 1963 na 1970 vyeti vyao vinasomeka Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichozaa vyuo hivyo vitatu, basi hudhani si wahitimu wa chuo chochote kilichopo leo. Ni wahitimu. Mje na vyeti vyenu, masijala tutawapokea.

Sasa hili la kununua. Chuo hakitozi hata shilingi kwa tuzo wala shahada ya heshima. Anayekudai "gharama za usajili", akakodi ukumbi wa hoteli na kukuvisha joho, amekuuzia picha. Kabla ya kulipa, angalia kama chuo chenyewe kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Na anayechonga cheti chetu ajue kuwa kughushi kunaangukia vifungu vya 333, 335 na 337 vya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kukiwasilisha mahali ni kosa jingine, kifungu cha 342. Hayo ni makosa mawili, si moja, na watu hushangaa wakisomewa yote. Kuhusu nani ajiite "Dkt." baada ya shahada ya heshima, ofisi hii haina kauli. Vyuo vikuu vya Nigeria vilikubaliana mjini Keffi mwaka 2012 kwamba mtunukiwa asijiite hivyo. Ninachoweza kusema ni kwamba huwezi kuombea kazi ya uhadhiri kwa shahada hiyo.

Yule fundi nilimpigia mwenyewe kumjulisha. Akanisikiliza kimya, akauliza inalipiwa shilingi ngapi, kisha akakata simu. Ilibidi mkuu wa karakana aende hadi nyumbani kwake, na kitambulisho mkononi.