Kusomea Akiolojia na Historia ya Sanaa: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Wanachuo wa akiolojia wanasaka mali za Mjerumani.

Mwanafunzi wa akiolojia, somo la maisha ya watu wa kale kupitia vitu walivyoacha, akionekana kijijini na mwiko wa mwashi na kamba, minong'ono huanza kwamba anatafuta hazina iliyofukiwa na Wajerumani. Dhana hii ina madhara makubwa, maana wenye tamaa huja kuchimba usiku, wakavuruga matabaka ya udongo ambayo hayarudishiki tena. Chuoni tunafundishwa kinyume chake. Unapima mraba, unashusha udongo sentimita tano au kumi kwa mara moja, unauchekecha, kisha kila kilichobaki, kiwe kigae cha chungu, mfupa wa samaki au ushanga, unakitia kwenye mfuko ulioandikwa mraba na kina kilipotoka. Kigae kisicho na maandishi hayo kimepoteza sehemu kubwa ya habari zake, hata kiwe kizuri vipi. Na Tanzania, kuchimba bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Dhana: Miji ya pwani ilijengwa na wageni, wenyeji wakitazama.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu bado wapo wanaoiamini. Huko Shanga, kisiwani Pate, Kenya, uchimbaji wa miaka ya 1980 ulikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine: wa chini kabisa wa miti, wa karne ya 8, na ya mawe ikaja baadaye. Mji ulikua palepale. Mtazamaji huvutiwa na vyombo vya kauri vya China, ilhali mwanafunzi anayehesabu vigae huona kwamba hivyo ni vichache sana kando ya vyungu vya wenyeji, na vyungu vya zamani vyenye nakshi za pembetatu vimepatikana hadi bara. Wageni walikuwepo, hilo halikanushwi: uchunguzi wa vinasaba (DNA) vya waliozikwa pwani, uliochapishwa 2023, ulikuta upande wa akina mama ukiwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa, na upande wa akina baba wengi ukitokea Uajemi. Walikuja, wakaoa, wakazikwa hapa.

Dhana: Ni masomo ya dinosaria.

Hapana. Mifupa ya Tendaguru, Lindi, waliyoichukua Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ni ya wanapaleontolojia, wanaochunguza mabaki ya viumbe wa kale. Sisi tunamfuata binadamu na kazi ya mikono yake.

Dhana: Historia ya sanaa inataka kipaji cha kuchora.

Inataka jicho. Mbele ya michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, swali la kwanza ni rangi ipi imelalia ipi, kwani ya juu ndiyo iliyochorwa baadaye. Mdomo wa chungu utauchora, ila kwa rula na penseli, na kila mtu hujifunza.

Dhana: Hakuna ajira.

Ni chache, sitamdanganya mtu. Lakini haziishii makumbusho na Ngorongoro. Miradi ya barabara na mabomba huhitaji tathmini ya athari kwa mazingira, na humo malikale, yaani vitu na maeneo ya kale, hukaguliwa. Anayeipenda kozi hii ajizoeze ramani, GPS na uandishi wa ripoti tangu mwaka wa kwanza.