Hivi kwa nini nyambizi za kivita zinaitwa majina ya samaki, miji, na mpaka rais?

Juzi nilikuwa pale Deep Sea, Tanga, jua limeshapoa, nasubiri vibua. Kuna mashua imepandishwa mchangani, fundi amekaa kwenye ndoo na kopo la rangi nyeupe, anarudishia jina ubavuni, ndo kwanza kafika herufi ya nne ya TAWAKALI. Kijana mmoja akamwonyesha simu, video ya nyambizi ya Marekani inayoitwa Jimmy Carter. Mzee akaangalia weee, akasema, "Huyu si rais huyu? Sasa rais mbona wanamzamisha?"

Tulicheka, ila swali lilinikaa kichwani.

Kwanza tuwekane sawa, maana watu wakisikia nyambizi ya nyuklia wanajua ni bomu linatembea. Hapana, nyuklia hapo ni injini. Kuna riakta ndani, joto lake linachemsha maji, mvuke unazungusha turbaini, basi. Haihitaji hewa kama injini ya dizeli, kwa hiyo inaweza kukaa chini miezi, kinachowarudisha nyumbani mara nyingi ni chakula kuisha. Na hizi za mashambulizi kazi yake ni kuwinda meli na nyambizi wenzake kwa torpedo (bomu linalokimbia ndani ya maji) na makombora ya kawaida, zile zinazobeba makombora makubwa ya nyuklia ni aina nyingine kabisa.

Sasa majina. Wamarekani zamani walikuwa kama wavuvi tu, nyambizi ni samaki. Skipjack, ambao ni hawa hawa jodari wadogo, Sturgeon, Thresher ambaye ni papa mwenye mkia mrefu kama mjeledi (hiyo ilizama 1963 na watu 129, hakupona hata mmoja). Ila kuanzia miaka ya 70 samaki wakapigwa chini, ikaja Los Angeles na wenzake, nyambizi 62, zote majina ya miji isipokuwa moja. Kwa nini? Kuna admirali aliitwa Hyman Rickover, ndo baba wa hizi nyambizi za nyuklia, inasemekana aliulizwa akajibu "samaki hawapigi kura". Yaani hela ya kuziunda inapitishwa na wabunge wao, na mbunge ukimwambia hii tutaiita jina la mji wako mkono wake unanyanyuka wenyewe. Na ile moja isiyo na jina la mji unajua inaitwaje? Hyman G. Rickover. Mzee alijua kucheza.

Baadae wakaja na Virginia, hizo nyingi ni majina ya majimbo. Katikati hapo pana kituko, kundi la Seawolf, walipanga kuunda 29, vita baridi ikaisha, hela ikakatwa, zikatoka tatu tu, na hizo tatu hazifanani hata majina: Seawolf ni samaki, Connecticut ni jimbo, ya tatu ndo huyo Jimmy Carter wa kwenye simu. Na yeye hakupewa kwa urais peke yake, kabla ya siasa alikuwa ofisa wa nyambizi, alifanya kazi chini ya Rickover huyo huyo. Siku hizi wamewarudia tena samaki, zipo zilizopangiwa Barb, Tang na Wahoo, huyo Wahoo ni ndugu yake nguru, majina ya nyambizi zilizopigana vita vya pili.

Waingereza wao (ambao ndo walituletea neno manowari) wanashika herufi. Kundi moja herufi moja. La sasa ni A: Astute, Ambush, Artful, Audacious, Anson, Agamemnon. Ya saba ilikuwa iitwe Agincourt, mahali walipowapiga Wafaransa mwaka 1415, Januari 2025 wakaibadilisha ikawa Achilles, watu wakalalamika kwamba ni kuogopa kumuudhi jirani. Kichekesho ni kwamba kundi la kabla yake lilikuwa T, na wa kwanza wao ni Trafalgar, ambako Mfaransa alipigwa vilevile!

Wakati wa vita vya pili baadhi yao zilikuwa na namba tu, Churchill, waziri mkuu wao, akakataa, akaagiza 1942 kila moja ipewe jina. Moja, P311, ilishapangiwa Tutankhamen, ikapotea Mediterania kabla haijaanza kulitumia.

Wafaransa walianza na vito, Rubis, Saphir, Perle yaani lulu. Sasa ni zamu ya mabaharia wao wa zamani, kundi la Suffren, admirali aliyepigana na Waingereza huku huku bahari ya Hindi. Ila mradi wenyewe wameuita Barracuda, mzia wetu huyu.

Kwa Warusi ndo utachanganyikiwa. NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na wenzake, hawakuwa wanajua majina halisi, wakawa wanawapa ya kwao kwa herufi, Alfa ni A, Charlie ni C, Victor ni V, herufi zikaisha, inayofuata wakaiita Akula, Kirusi cha papa. Sasa Warusi wenyewe hiyo wanaiita Shchuka-B, na walikuwa nayo Akula yao nyingine, lile dude kubwa kuliko yote ambalo NATO waliliita Typhoon. Ni sawa na wewe umwite jirani Juma, kumbe ni Salimu, na Juma wa kweli yupo nyumba ya pili.

Nikarudi kumsimulia mzee, ameshafika kwenye I. Akaniuliza, "Na hizo za chini ya maji jina wanaliandika wapi?"

Nikamwambia bandarini na kwenye sherehe utaona namba imepakwa juu pale kwenye mnara, ila ikitoka kwenda kazini wanaifuta, inaondoka nyeusi tii, hakuna jina hakuna namba, isijulikane ni ipi.

Akaiangalia brashi yake. "Basi kule mimi ningekufa njaa."