Ulianza ufinyanzi ukiwa mtoto?

Kila nikionyesha vyungu vyangu, hakosi mtu wa kuniuliza hivyo. Watu wameshika kwamba ufinyanzi ni kipaji cha kuzaliwa nacho, au cha kurithi kwa bibi. Wapo waliorithi, ila wengine tumeufikia udongo kwa kuzunguka. Mfinyanzi Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, alianza na michoro ya matangazo. Alikwenda Uingereza mwaka 1971 kuendelea na fani hiyohiyo, na huko ndiko udongo ulikomnasa. Bernard Leach, mfinyanzi Mwingereza, naye alikwenda Japani mwaka 1909 akiwa na nia ya kufundisha uchapaji wa picha kwa mabamba ya shaba. Miaka miwili baadaye akaalikwa mahali ambapo wageni walipamba vyombo, vikachomwa palepale. Basi, akanogewa.

Linaloniudhi zaidi ni lile la kwamba msanii hungoja wazo limshukie, ndipo aketi kufinyanga. Mimi nikingoja, udongo hukauka. Juzi nilikuwa navuta mdomo wa jagi, ukalegea upande mmoja. Nikauacha tu, kwa uchovu. Kesho yake, jagi likiwa limekauka nusu, ule ulegevu ulifanana na shingo ya mtu anayegeuka baada ya kuitwa jina. Nimefinyanga majagi sita tangu hapo nikiitafuta shingo ile. Nimeipata mara mbili.

Wengine hudhani kujifunza kwa kazi ya mwenzako ni wizi. Mwaka 1974 Odundo alikwenda kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria (Abuja ile ya zamani, ambayo leo ni Suleja), akajifunza kujenga chombo kwa mkono, Ladi Kwali akiwa miongoni mwa mafundi wa hapo. Vyombo vya Odundo vya leo, vyenye matumbo na shingo kama miili ya watu, huwezi kuvichanganya na vya mtu mwingine. Wala havina glazi, ile ngozi ya kioo inayofunika chombo, ingawa wengi huamini chombo bila glazi hakijakamilika. Yeye huvisugua mpaka ving'ae, kisha moto ndio unaotia rangi: hewa ikiwa tele tanurini, chuma kilichomo kwenye udongo hutoa wekundu, hewa ikibanwa, chombo hutoka cheusi.

Wapo pia wanaodai kwamba bila gurudumu la kuzungushia udongo hakuna ufinyanzi. Kuhusu hilo sitasema mengi. Vigae vya vyungu vilivyopatikana katika pango la Xianrendong, China, vina umri wa miaka 20,000 hivi, na gurudumu lilikuja maelfu ya miaka baadaye.

Halafu kuna hofu inayowafanya wanaoanza wasithubutu maumbo manene: eti kiputo cha hewa hulipua chungu tanurini. Hata mimi, chungu changu cha kwanza kilipopasuka vipande, nililaumu nilivyokanda udongo, kwamba niliacha hewa ndani. Kumbe ni maji. Udongo mnene hukauka nje, ndani ukabaki na unyevu; joto likipita nyuzi 100 kwa haraka, maji hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea hupasua ukuta wa chungu. Siku hizi, kabla ya kukitia chombo tanurini, nakigusisha shavuni. Kikiwa baridi, bado kina maji; nakirudisha rafuni.