Msiba, ndoa, uhamisho: kuulinda utumbo mgonjwa maisha yanapobadilika

"Dokta, ni mawazo tu." Wagonjwa wangu wenye vidonda vya utumbo mpana huniambia hivyo hata kabla hawajakaa vizuri kitini. Damu imerudi chooni, tumbo linasokota, usiku hawalali kwa kwenda msalani, na sababu wameshaipata wenyewe: wamefiwa, au wamehamishwa kituo cha kazi, au ndoa imeingia mgogoro. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Lakini mtu akilishika peke yake linaweza kumchelewesha kupata tiba anayoihitaji, na nimeona wakichelewa wengi mno kulinyamazia.

Kwanza tuelewane. Sizungumzii vidonda vya tumbo, vile ambavyo mtu hupewa dawa za kupunguza asidi. Nazungumzia magonjwa mawili ambayo ndani yake kinga ya mwili inaushambulia utumbo na kuuachia uvimbe na vidonda kwa miaka. Moja ni ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, unaoanzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda. La pili ni ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika popote kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa, ingawa hupenda zaidi mwisho wa utumbo mwembamba. Yote mawili hulala na kuamka. Yakilala, mtu hufanya kazi, huzaa, husafiri, na jirani asijue kama anaumwa. Hatuna dawa ya kuyang'oa kabisa. Tuna dawa za kuyalaza, na sehemu kubwa ya kuishi nayo ni kuhakikisha hayaamshwi.

Kwa huku kwetu kuna jambo la kutanguliza. Amiba na kichocho pia huleta damu chooni, na kifua kikuu cha utumbo hukaa palepale unapopenda kukaa ugonjwa wa Crohn na kufanana nao sana. Dawa za kushusha kinga zinazomsaidia mwenye Crohn zinaweza kumwangamiza mwenye kifua kikuu. Kwa hiyo kama hujapigwa kamera ya utumbo, vikachukuliwa vipande vya nyama kupimwa maabara, na kifua kikuu kikatafutwa, usianze kuishi na jina la ugonjwa ulilokisiwa.

Sasa turudi kwenye mawazo. Zamani hata madaktari walisema hivyohivyo. Mwaka 1950 Franz Alexander, daktari wa mambo ya nafsi aliyefanya kazi Chicago, aliuhesabu ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana miongoni mwa maradhi saba aliyoamini yana mzizi kwenye migogoro ya ndani ya mtu. Miaka mitano baadaye, mwaka 1955, Truelove na Witts wa Oxford walichapisha matokeo ya jaribio lao: wagonjwa waliopewa kotisoni walipata nafuu kwa wingi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Kotisoni haisuluhishi mgogoro wa nafsi. Inazima uvimbe. Tangu hapo hatuna sababu ya kumwambia mgonjwa kwamba amejiletea ugonjwa huu kwa kuwaza sana, wala ndugu hawana haki ya kumwambia.

Hata hivyo utumbo haujatengana na kichwa. Ndani ya kuta zake kuna seli za fahamu zaidi ya milioni 100, na mshipa wa vagasi unaunganisha tumbo na ubongo, habari zikipita juu na chini usiku na mchana. Mtu akiwa katika msongo, mwili humwaga homoni za adrenalini na kortisoli, mwendo wa utumbo hubadilika, ukuta wake hupitisha vitu ambavyo kwa kawaida ungevizuia, na seli za kinga zilizopo hapo husisimka. Kwa mtu mzima wa afya matokeo yake ni kuharisha siku ya mtihani. Kwa mwenye utumbo uliokwisha kuumwa, hayo yanatokea mahali palipo na jeraha. Huko Manitoba, Canada, watafiti waliwafuatilia wagonjwa kwa mwaka mzima, wakiwauliza hali zao kila miezi mitatu. Matokeo yaliyochapishwa 2010 yalionyesha kwamba waliohisi msongo mkubwa ndio ambao dalili ziliwarudia zaidi. Kwa hiyo mgonjwa anayesema "ni mawazo" hatungi.

Ila dalili kurudi na uvimbe kurudi ni mambo mawili. Utumbo uliowahi kuumia hubaki mwepesi kushtuka. Mtu anaweza kuwa na maumivu, gesi na kuharisha kwa sababu ya wasiwasi huku vidonda vimepona, na mwingine anaweza kusema ni wasiwasi huku utumbo unavuja damu. Tiba za hawa wawili hazifanani hata kidogo. Tumbo la wasiwasi halitoi damu, halileti homa, halimkondeshi mtu, na mara nyingi humwacha alale. Ukiona damu, ukiamshwa usingizini na haja, ukipungua uzito, hapo usijitibu kwa maneno. Kipo kipimo cha choo kiitwacho kalprotektini kinachoonyesha kama utumbo una uvimbe; hakipatikani kila mahali na si cha bei ndogo, lakini panapokosekana bado tuna wingi wa damu, kipimo cha CRP, yaani cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, na kamera. Na kwa kuwa kipindupindu, bakteria wengine au amiba hawamwogopi mgonjwa wa Crohn, choo kipimwe maambukizi pia kabla dawa hazijaongezwa.

Nikiwahoji polepole wale wanaokuja baada ya msiba, mara nyingi nakuta kwamba huzuni haikufanya kazi peke yake. Simu ya msiba imeingia saa tano usiku. Mtu amepakia nguo mbili tatu, amewahi basi la alfajiri kwenda Mbeya, na dawa zimebaki kabatini Dar es Salaam. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili kichwa kimemuuma kwa kulia na kukesha, akaenda duka la dawa akapewa diklofenaki. Amelala kwenye mkeka pamoja na wafiwa, amekula makande na maharage kama wengine, amejizuia kwenda chooni kwa sababu choo ni kimoja na watu ni wengi. Akirudi mjini baada ya wiki mbili na damu chooni, anasema kifo cha baba kimemwamsha ugonjwa. Mimi naona pia dawa za wiki mbili ambazo hazikumezwa.

Hili la dawa nalitilia mkazo kuliko yote. Utafiti wa Chicago uliochapishwa 2003 uliwafuatilia watu wenye vidonda vya utumbo mpana waliokuwa wamepona dalili kwa mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo. Walioacha kumeza sawasawa walikuwa na hatari ya ugonjwa kurudi zaidi ya mara tano ya wenzao. Huzuni siwezi kukuondolea, na sitakuambia usilie. Pakiti ya dawa ndani ya mkoba unaobeba kila siku, ambayo haitolewi hata ukiwa nyumbani, hiyo iko ndani ya uwezo wako. Weka na parasetamoli hapohapo, ili usilazimike kununua diklofenaki au ibuprofeni, kwa maana dawa hizo huwaamshia ugonjwa baadhi ya wagonjwa. Na kama umekuwa kwenye prednisoloni, dawa ya jamii moja na kotisoni, zaidi ya wiki tatu, usiikatize ghafla kwa sababu yoyote. Mwili unakuwa umeacha kujitengenezea kortisoli ya kutosha, na mtu anaweza kuanguka akapoteza maisha.

Wanaopoteza kazi wana shida ya namna nyingine: bima inakatika pamoja na mshahara. Hapo wengi huona haya kusema, hupunguza vidonge ili vifike mwisho wa mwezi, au huacha kimya. Ndugu yangu, mwambie daktari wako mapema kwamba hela imekwisha. Sulfasalazini ni dawa ya zamani, aliyoibuni daktari wa Uswidi, Nanna Svartz, na mpaka leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa kawaida ni nafuu kuliko mesalazini, na kwa wagonjwa wengi wa utumbo mpana inafanya kazi vizuri. Itakubidi kumeza na asidi ya foliki. Kubadili dawa kwa mpango ni bora mara elfu kuliko kuacha.

Uhamisho una nafuu moja: barua huja kabla ya safari. Tumia siku hizo. Omba muhtasari wa matibabu yako ulioandikwa, wenye jina la ugonjwa, tarehe na majibu ya kamera ya mwisho, dawa na dozi zake. Uliza kama dawa yako inapatikana unakokwenda. Kwa wanaochomwa sindano za kushusha kinga, uliza itasafirije ikiwa baridi. Na kuna suala ambalo watu hulisahau hadi wafike mpakani: chanjo ya homa ya manjano. Hiyo ni chanjo yenye kirusi hai kilichodhoofishwa, na mtu anayetumia dawa za kushusha kinga kama azathioprini, infliksimabu au prednisoloni ya dozi kubwa hapaswi kuchomwa. Cheti cha aliyechanjwa hudumu maisha yote, hivyo mgonjwa mpya ambaye kazi inaweza kumpeleka Kongo au Uganda achanjwe kabla hajaanzishiwa dawa hizo, kama hali inaruhusu kungoja wiki nne. Aliyekwisha kuzianza daktari anaweza kumwandikia msamaha, ila msamaha haumkingi na mbu. Safari yenyewe ijadiliwe.

Siku ya safari yenyewe, kaa kiti cha karibu na mlango, mwambie kondakta mapema bila kueleza mengi kwamba utahitaji kushuka hata kabla ya pale wanaposimama abiria kuchimba dawa. Beba maji, karatasi na nguo ya kubadilisha. Usikae na njaa na kiu kutwa nzima ili usiende chooni. Ugonjwa ukiwa umeamka damu huganda kirahisi zaidi miguuni, na kukauka maji huongeza hatari hiyo.

Ndoa nayo ina mambo yake. Sulfasalazini hupunguza mbegu za mwanamume. Kijana ameoa, mwaka umepita, mimba haishiki, na mashangazi wameanza kumtazama mke kwa jicho baya, wakati sababu imo kwenye kidonge anachomeza mume. Hali hiyo hurudi sawa ndani ya miezi mitatu hivi akibadilishiwa mesalazini. Basi kabla ya kumzungusha mke kwa waganga, mume aulizwe anatumia dawa gani. Kwa upande wa mwanamke, mimba ikiingia ugonjwa umelala, mara nyingi hubaki umelala. Ikiingia umeamka, huwa vigumu kuutuliza. Mesalazini, sulfasalazini na azathioprini kwa kawaida huendelea wakati wa ujauzito. Methotreksati, dawa nyingine ya kushusha kinga, ndiyo isiyoruhusiwa, na huachwa miezi kadhaa kabla. Anayeacha dawa zote kwa hofu ya kumdhuru mtoto huishia kumweka mtoto kwenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu ugonjwa ulioamka huleta uzazi wa kabla ya wakati na mtoto mwenye uzito mdogo.

Na mawazo yenyewe? Yatibiwe kama ugonjwa wowote. Sonona na wasiwasi huwapata wenye magonjwa haya zaidi kuliko watu wengine, na si ukosefu wa imani. Anayepita wiki mbili bila kulala, bila hamu ya chochote, anahitaji mshauri nasaha na pengine dawa. Sala, dua, kwaya na jamaa wa kukaa nao barazani vinasaidia kweli, na sivipuuzi. Ninachoomba ni kwamba mtu mmoja wa nyumbani ajue kila kitu: jina la ugonjwa, dawa, na kwamba ukienda chooni mara nane kwa siku si uchafu wala kulogwa.

Mtu huyo ndiye atakayekuleta hospitali siku usipojiweza. Akihesabu choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa inayozidi nyuzi 37.8 au mapigo ya moyo yanayozidi 90 kwa dakika, asisubiri asubuhi wala kliniki ya wiki ijayo; aende idara ya dharura siku hiyohiyo. Vivyo hivyo tumbo likivimba na kukakamaa, au likiuma huku choo na hewa havitoki. Amweleze daktari wa zamu jina la ugonjwa, dawa unazotumia, na kama umemeza prednisoloni katika miezi ya karibuni.