Muwa na bakteria wanaonasa naitrojeni
Kwa miaka mingi imeaminika kwamba bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani huifaa mimea ya jamii ya kunde tu, kwa kuwa mizizi ya muwa haina vinundu, yaani vivimbe vidogo wanamoishi bakteria hao katika mizizi ya kunde. Imani hiyo si sahihi. Mwaka 1988, nchini Brazili, mtafiti wa bakteria wa udongo Johanna Döbereiner na mwenzake walieleza bakteria, ambaye leo huitwa Gluconacetobacter diazotrophicus, anayeishi ndani ya muwa wenyewe, katika nafasi zilizo baina ya seli, zenye utomvu mtamu. Wengine, kama Azospirillum, hutoa homoni zinazochochea vinyweleo vya mizizi, navyo, vyembamba kuliko uzi, ndivyo vinavyofyonza maji na madini. Hata hivyo, matokeo hutegemea aina ya muwa na udongo. Ndiyo maana pingili za muwa zinapochovywa katika mbolea hai, yaani mchanganyiko wenye bakteria hao, kabla ya kupandwa, naitrojeni ya viwandani hupunguzwa kwa uangalifu, haiachwi ghafla.